Mama Mkwe na Mwenzake wa Ng'ambo

Jumatano ya Majivu

Padre ametaka kila mmoja achague kitu cha kujinyima mpaka Pasaka, na tukitaje mbele ya jumuiya ili tusije tukajisahau. Mume wangu ameacha bia, jambo ambalo halimgharimu kitu maana tumbo lilikwisha kumkataza. Mwenyekiti wetu, mwanamama ambaye tunamwita Mwenyekiti wa Maisha kwa sababu hakuna anayemkumbuka aliyemtangulia, ameacha soda. Mama mkwe ameacha sukari kwenye chai, ambayo muuguzi alimkataza zamani. Mimi nimeacha kujibu. Nimeahidi mbele ya watu wote kwamba mama mkwe akisema neno, nitanyamaza. Watu walicheka, na yeye alicheka kuliko wote.

Ndiyo maana nimechukua daftari hili la vipimo vya wateja wangu wa kushona, ambalo huku nyuma lina kurasa nyingi tupu. Yale nitakayoyameza mchana nitayatema humu.

Jibu la kwanza: Mama, chumvi ilikuwa inatosha.

Alhamisi

Mvua imeanza. Nimeshona vitambaa vya zambarau vya kufunikia sanamu za kanisani. Mama amepita nyuma ya cherehani na kusema mshono wangu umelala upande. Haujalala.

Ijumaa

Leo tumewaona marafiki zetu wa ng'ambo uso kwa uso, na mimi bado kichwa kinaniuma.

Kuna parokia huko ambayo kila Kwaresima watu wake hujinyima na kuichangia zahanati yetu. Kitanda cha kujifungulia ni chao, friji ya chanjo ni yao. Miaka yote hiyo tumewajua kwa jina lililoandikwa kwenye bango la mlangoni tu. Safari hii Padre na mratibu wao wamekubaliana kwamba kila Ijumaa tusali Njia ya Msalaba pamoja kwa video, na kila mtu wa huku awe na mwenzake wa kule. Baada ya sala, wenzi wanaambiana wamejinyima nini na wameendeleaje. Mwenyekiti aliamuru ukumbi ufagiliwe, kisha akaamuru ufagiliwe tena, kana kwamba wenzetu wangeona mchanga kupitia waya.

Mkalimani ni mimi. Lugha yao niliipata kwenye kaunta ya mapokezi hotelini, kabla sijaolewa na kununua cherehani. Ni lugha ya funguo, mizigo na kifungua kinywa. Padre aliposema "tumekosa, ee Bwana, tunaomba rehema," nilichokuwa nacho kinywani ni kile tulichokuwa tukiwaambia wageni maji yakikatika: tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza. Nikakisema hivyo hivyo. Kule waliinamisha vichwa kwa heshima, kwa hiyo nadhani Mungu naye alielewa.

Mama alipewa bibi mmoja mwembamba, mrefu, aliyejifunga skafu ya sufu ndani ya nyumba. Sisi tumeshampa jina, Bibi Skafu. Mama akauliza mwenzake anajinyima nini.

"Chakula," akasema Bibi Skafu. "Nakunywa chai na kipande cha mkate mkavu, basi."

Nikatafsiri. Mama akaitazama skrini kwa muda. Sukari yake ya kwenye chai ilikuwa imeshaonekana kitu kidogo, na kila mtu ukumbini alikuwa anasikiliza.

"Mwambie," akasema, "mimi hata huo mkate sili. Chai kavu mpaka jioni."

Nilimtazama mume wangu. Mume wangu aliutazama waya wa spika ghafla kama mtu aliyeitwa nao. Mimi nimeahidi kutojibu, basi nikatafsiri.

Jumamosi

Mama hakula mchana. Nilidhani ni maneno ya ukumbini.

Jumatatu

Hajala tena. Nimemwita muuguzi wa zahanati, ambaye ni mwanajumuiya mwenzetu na hana haya na mtu.

"Bibi, vidonge vya sukari haviendi na tumbo tupu. Utaanguka."

"Mjukuu wangu, Bwana wetu alikaa jangwani. Alikuwa na vidonge?"

"Hakuwa na kisukari, Bibi."

Mama akamsifia viatu vyake, na mazungumzo yakaishia hapo.

Jumatano

Padre naye amekuja. Amemweleza taratibu kwamba Kanisa limewasamehe wazee na wagonjwa, mfungo hauwahusu, na kwamba kujiumiza si ibada. Mama alimsikiliza kwa unyenyekevu mkubwa, akamshukuru, akamsindikiza mpaka mlangoni na mwavuli. Aliporudi akasema, "Padre bado kijana."

Ijumaa

Bibi Skafu amesema sasa hata ule mkate anauacha siku nyingine. Amekonda, inaonekana hata kwenye skrini. Mama alirudi nyumbani akimsifu njia nzima: mwanamke imara, mwanamke wa sala, siyo kama wanawake wa siku hizi ambao wakikosa chai ya saa nne wanaona giza. Na mimi, mwanamke wa siku hizi, ndiye niliyekuwa nimembebea mwavuli.

Niseme ukweli kwa kuwa ni humu tu: huyo Bibi Skafu simpendi. Ana friji imejaa, ana kila kitu, halafu anacheza mchezo wa njaa na mgonjwa. Na hatabasamu. Akiulizwa ameendeleaje anasema "vizuri" na kutazama chini, kama mtu anayejua anashinda.

Jumapili

Nguo tatu za Komunyo ya Kwanza zimeletwa. Mvua. Wateja wanakuja na matope, na mama anayapangusa kabla sijainuka. Siku nzuri.

Jumanne

Vita vya chini kwa chini. Chai yake ya "kavu" naipika kwa maziwa mazito na kumwambia maziwa yamebadilika mwezi huu. Jioni anapokubali supu, nakoroga yai ndani mpaka lipotee. Anakunywa, ananitazama, anasema, "Supu ya leo ina kitu." Sijibu. Ahadi ni ahadi.

Mume wangu nilimtuma akaongee na mama yake. Ni mtu anayesimamia mafundi saba wa umeme, wanamwogopa. Aliingia chumbani kifua mbele. Nikasikia, "Mama, kula kidogo basi," kisha, "Nani kakuuliza wewe?" Akatoka amenywea, akaenda kukagua swichi ya barazani ambayo haina tatizo lolote.

Ijumaa

Leo nimeuma ulimi mpaka nimeona nyota. Mwenyekiti wa Maisha alisimama mwisho wa sala, marafiki wote wa ng'ambo wakitazama, akamshika mama mkono na kusema, "Tuige mfano wa mama yetu huyu! Mwili umezeeka, roho haijazeeka!" Wakapiga makofi huku, wakapiga makofi kule. Mama alinyooka mgongo.

Kabla ya makofi yale angeweza kuacha kimya kimya na tukajifanya hatukuona. Sasa ataachaje? Mwenyekiti alinifuata nje. "Shoga yangu, mbona umekunja uso? Ni sifa ya nyumba yenu." Nikameza. Nilimpa mwavuli wangu ule mbovu.

Jumapili

Amekula kidogo kwa kuwa ni Jumapili. Amecheka na wajukuu. Usiku nimelala.

Jumanne

Herufi za leo zinisamehe.

Mchana mvua ilikuwa inapiga bati hadi huwezi kusikia cherehani. Mama alikuwa mezani anachambua maharage, mimi jikoni natia chumvi kwenye sufuria. Nikatia, nikangoja. Hakusema kitu. Nikaongeza kidogo, kwa makusudi, huku namtazama. Hakusema kitu. Hapo nikajua kuna jambo.

Jasho lilikuwa linamtiririka na siku yenyewe ya baridi. Vidole vinatafuta maharage mahali ambapo hayapo. Nikamwita, akaniitikia kwa kuniita dada, yule dada yake marehemu, akaniuliza kama nimeshafungia mbuzi. Nikapiga kelele. Mume wangu alitoka mbio kwenda zahanati bila viatu. Mimi nikakoroga sukari kwenye kikombe, vijiko sijui vingapi, nikamkalisha wima na kumnywesha kidogo kidogo, namwambia meza Mama, meza, meza. Nusu ilimwagikia kifuani pake. Nusu ilipita.

Sijui ilichukua muda gani. Macho yalirudi kwanza. Akanitazama, akalamba midomo, akasema, "Umetia sukari nyingi."

Nikalia. Nililia kwa sauti kama mtoto, nikiwa nimeshika kikombe.

Muuguzi alifika amelowa, akamtoboa kidole, akapima, akamgombeza kwa kila neno analolijua. Akasema ingekuwa yuko peke yake chumbani, leo tungekuwa tunaongea mengine. Alipokwisha yeye, nikaanza mimi. Ahadi yangu nimeivunja vipande vipande, na sijutii hata kimoja. Nilimwambia ni mkaidi. Nilimwambia anashindana na mtu wa kwenye skrini na kutuacha sisi tulio mezani. Nilimwambia, "Mama, ukifa mimi nitanyamaza kwa nani? Eh? Nitamnyamazia nani?"

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, maji yanamtiririka, hajawahi kusikia mtu akiongea hivyo na mama yake. Mama naye hakukasirika. Alinishika kifundo cha mkono.

"Mwanangu, mwenzangu hali kitu. Mkubwa kuliko mimi. Watu wote wamesikia. Mimi nitakula kwa uso gani?"

Kesho atafanya vile vile. Nimeuona uso wake.

Jumatano

Nimemwomba mratibu namba ya Bibi Skafu, nikampigia kwa video mchana. Nilikuwa nimepanga maneno yangu yote, makali lakini ya kistaarabu, kama tulivyofundishwa kumwambia mgeni aliyevunja kioo.

Alipokea akiwa jikoni kwake. Jikoni safi mno. Juu ya jiko la kupikia kulikuwa na kitambaa cheupe kilichonyooshwa, na juu ya kitambaa chungu cha maua. Maneno yangu yakasimama. Mtu anayepika haweki maua juu ya jiko. Na yale maua hayakuanza kuwekwa Jumatano ya Majivu, maana mizizi ilikuwa imeshatoka chini ya chungu na kukishika kitambaa.

Nikamwambia kwanza kuhusu mama. Kisukari, vidonge, alivyoanguka. Akaweka mkono mdomoni.

"Kwa sababu yangu?"

"Anataka asipitwe na wewe."

Kisha akaniambia, na nitayaandika kama nilivyoyaelewa. Alisema hajafunga. Mume wake alifariki majira ya baridi yaliyopita. Tangu hapo amejaribu kupika akashindwa. Unawasha jiko kwa ajili ya nani, unakaa mezani unasikia unavyotafuna. Akaacha. Watu wa parokia wakaanza kumwuliza mbona anakonda, akawa hana la kuwaambia. Kwaresima ilipofika akaona amepata jibu. "Ukisema unafunga," alisema, "hakuna anayekusumbua. Wanakuheshimu hata."

Mimi nilikwenda pale na ugomvi na sasa sikuuona ulipo. Nilitaka kumpa pole ya kweli, nikatafuta katika lugha yake yote niliyo nayo, hoteli haikunifundisha hiyo. Nikasema "pole" kwa Kiswahili. Nikarudia, "Pole sana, mama. Pole." Akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa kila kitu. Tukakaa hivyo, kila mtu jikoni kwake, na mimi ambaye nimemsema humu kurasa nzima nilikuwa natamani kumshika mkono.

Nikamwuliza kama naweza kumwambia mama. Akasema, "Mwambie. Mwambie asife kwa ajili ya uongo wangu."

Alhamisi

Asubuhi mama alikunywa chai tupu na kukataa mkate. Nikafunga mlango wa chumba cha cherehani, nikamwambia kila kitu.

Alikaa kwenye kiti cha wateja. Mvua ilikuwa imepungua, hata ule mlio wa maji kwenye pipa tuliusikia. Mwisho akasema:

"Baba mkwe wako alipofariki, na mimi niliacha kula. Hujui?"

Sikujua. Alikuja kwetu na godoro lake na sanduku baada ya arobaini, akaingia jikoni siku hiyo hiyo na kuonja mchuzi wangu na kusema una chumvi kidogo. Mimi nikajifungia chumbani nikalia kwa hasira.

"Nilikuwa sisikii ladha ya kitu," akasema. "Nilisema chumvi ili niseme kitu. Wewe ukakasirika, ukabamiza sufuria. Kesho yake nikaja mezani nione utapika nini kunikomoa. Nikajikuta nakula."

Miaka yote hiyo nimedhani ananichokoza. Alikuwa ananichokoza kweli, lakini sikujua kwamba ndiko alikokuwa anashikilia.

Akainuka. "Pakua chakula changu, wali na maharage. Vidonge viweke hapo. Mpigie mwenzangu."

Nikafurahi, nikadhani yamekwisha. Nikapakua, nikapiga, nikaegemeza simu kwenye chupa ya chai. Mama akaivuta sahani mbele yake, akakunja mikono kifuani.

"Tafsiri neno kwa neno, usiniwekee hoteli yako. Mwambie: mimi nina sukari, nisipokula naanguka. Juzi nimeanguka, na safari ijayo huenda nisiinuke. Mwambie chakula changu hiki hapa. Sikigusi hata punje mpaka nimwone yeye anakula chakula alichopika."

"Mama!"

"Tafsiri."

Mume wangu, aliyekuwa amekuja kula, alikaa chini pole pole. Nikatafsiri. Bibi Skafu akasema hana kitu ndani, atakula kesho. Mama akasema basi na yeye atakula kesho. Bibi Skafu akasema huo ni wazimu. Mama akasema mwambie ndiyo. Mimi katikati nilikuwa natafsiri huku natazama kipaji cha uso wa mama kama kinatoka jasho, na wali unapoa.

Wakatazamana, wazee wawili, kwa kioo cha simu kilichopasuka pembeni. Sijui nani alipepesa kwanza. Nilichoona ni kwamba Bibi Skafu aliinuka, akatoka kwenye picha, tukasikia mlango wa friji. Akarudi na yai moja, akalionyesha kwenye kamera kama anauliza kama litatosha.

"Mawili," akasema mama, na hilo halikuhitaji mkalimani, maana alinyoosha vidole.

Akakiondoa chungu cha maua. Kitambaa kilikuwa kimeshikwa na mizizi, akakivuta taratibu kikachanika. Akasimama kidogo na kile kipande mkononi, nikadhani ndiyo basi. Kisha akawasha jiko. Ganda likaingia ndani ya kikaango akalitoa kwa kidole. Mama alikuwa anamwelekeza kwa lugha yetu, punguza moto, geuza, geuza sasa, na mimi niliacha kutafsiri kwa sababu naye alikuwa anageuza.

Aliketi. Akala kijiko cha kwanza huku machozi yanaingia kwenye sahani. Mama akamtazama mpaka akameza. Ndipo akachukua kijiko chake.

"Muulize ametia chumvi," akasema, mdomo umejaa.

Alikuwa amesahau. Akacheka. Ni mara ya kwanza tunamwona akicheka, na kumbe ana mwanya mzuri wa mbele. Mume wangu alikuwa analia waziwazi na kula sahani yake kwa wakati mmoja.

Ijumaa

Baada ya Njia ya Msalaba, Mwenyekiti alimwita mama mbele atoe ushuhuda wa mfungo. Mama akasema, "Nimeacha kufunga. Muuguzi alikuwa na haki, Padre alikuwa na haki, mke wa mwanangu alikuwa na haki." Akaigeukia skrini. "Mimi na mwenzangu tumechagua kitu kingine. Tunajinyima kula peke yetu." Nikatafsiri. Kule Bibi Skafu akanyoosha mkono juu kukubali, na mratibu wao, ambaye nadhani ndiyo kwanza alikuwa anaelewa, akamgeukia na kumtazama kwa muda mrefu. Mwenyekiti wa Maisha hakujua apige makofi au asipige. Padre alianza, tukafuata.

Jumatatu

Kila mchana sasa. Jana kule alipika viazi. Mama ameonja kwa macho na kusema vimeiva nusu.

Jumatano

Sanamu zote zimeshafunikwa, vitambaa vimetosha. Mishono imenyooka, mama mwenyewe amesema, halafu akaongeza, "mingi, si yote."

Ijumaa Kuu

Watu wote wamefunga isipokuwa wale waliokatazwa. Mama amekula uji kidogo na mkate mbele ya simu, mwenzake vile vile, wote wawili na nyuso za watu wanaotii kwa shida. Kisha wamesali kimya. Mimi nimefunga. Njaa inauma.

Jumapili ya Pasaka

Aleluya. Mvua imekatika, nguo za Komunyo zimependeza, nimechoka, nina furaha.

Jumatatu ya Pasaka

Sala za Ijumaa zimekwisha, mratibu ametuaga na kutushukuru, na Padre amezungusha waya wa spika na kuufungia kabatini. Ahadi yangu nayo imekwisha, naruhusiwa kujibu. Leo nilikaa mezani tayari kutafsiri chakula cha mchana kama kawaida, mama akanipungia mkono nitoke. "Nenda kashone. Tunasikilizana."

Nikaenda, nikaacha mlango wazi. Mama anaongea Kiswahili, yule anaongea lugha yake, hakuna anayemngoja mwenzake amalize. Mama anamsimulia habari za baba mkwe, jinsi alivyokuwa akikoroma. Kule naye anasimulia kitu, sauti inapanda inashuka, na nilisikia neno "mume" kwa lugha yake, kisha wote wakacheka kwa vitu ambavyo nina hakika si kimoja.

Kisha mama akaita kwa sauti ya kutikisa nyumba, "Mwanangu! Njoo na sufuria ya wali!"

"Mama, muuguzi kasema kiasi kile kile, usizidishe!" nikajibu. Nimejibu kwa raha, nilikuwa nimeikosa raha hiyo.

"Muuguzi hayupo hapa. Mwenzangu kaongeza, nimemwona kwa macho yangu. Unataka nishindwe?"

Nikaenda na sufuria.